Mwizi wa Kivumbasi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mmeitikia kama watu waliotoka kupura mpunga?

— Ndiko tulikotoka!

Na mimi pia, mgongo wangu ni shahidi. Basi sogeeni, nyosheni miguu. Mwenye kusinzia aegemee bega la mwenzake, ila asikorome kuishinda sauti yangu.

Zamani hizo, wakati milima ilikuwa bado haijazoea kukanyagwa, paliondokea mwanamke akiitwa Siwema. Siwema alikuwa amechoka. Wasimulizi wengine wangeanza kwa kuwaambia alikuwa mzuri wa sura. Huenda alikuwa, lakini nani angejua? Uso ulikuwa umemvimba kwa kukosa usingizi.

Alizaliwa Bondeni, akaolewa Mlimani. Mumewe, Mwinjuma, alikuwa mchungaji. Alifuata malisho ya mbali na kurudi mara mojamoja, ana vumbi, ana njaa, kisha huyoo, ameondoka tena. Nyumbani wakabaki Siwema na mama mkwe wake, Bi Mwanasha. Na msinifikirie vibaya, huyu hakuwa mama mkwe wa kumtesa mtu. Alikuwa mcheshi, mwenye huruma, mpenda wageni. Tatizo lake lilikuwa kifua. Jua likizama tu, kifua kinaanza: koho, koho, koho! Siwema anamwinua. Koho, koho, koho! Siwema anamsugua mgongo. Koho, koho, koho! Siwema anampa maji, na jogoo anawika.

Kilichokituliza kifua kile kilikuwa kinywaji kimoja. Kivumbasi, mchaichai na kipande cha tangawizi, vyote vibichi, vichemshwe pamoja. Vitu hivyo vilikuwa katika bustani ya mganga wa kike, Bi Chausiku, juu kabisa, mahali ambapo hata mbuzi hupumzika njiani. Kila siku Siwema alipanda kuomba majani, kila siku alishuka nayo. Yakifika nyumbani jua limekwisha kuyanyausha, nguvu imebaki nusu. Yalimtosha Bi Mwanasha usingizi wa kwanza tu. Baada ya hapo, koho, koho, koho.

Akipanda aliimba. Nisaidieni, maana pumzi yangu nayo si ya kutegemea:

Mlima we, mlima,
— Inama kidogo!
Mlima we, mlima,
— Inama nipite!

Mlima haukuinama.

Siku moja Siwema alipokea majani, akasema, "Shikamoo tena, Bibi. Nina ombi."

"Marahaba. Sema."

"Nipe mche mmoja wa kivumbasi, na kishina cha mchaichai, na tangawizi yenye jicho, nikapande kwangu. Miguu imeniisha."

Bi Chausiku aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Weee! Usilitamke hilo mbele ya mimea! Chukua majani yako uende!"

Siwema akashuka na machozi. Alijiona amedharauliwa. Mtu unaomba kamche, unafukuzwa kama kuku?

Sasa nyinyi nisikilizeni, kwa kuwa Siwema hakuambiwa. Huko Mlimani walikuwa na mila yao. Jani hupewa mtu mkononi, mche haupewi. Mche wa dawa ukiombwa, hunyauka. Ukipewa, hunyauka. Ukishukuriwa, ndiyo kabisa, hata mzizi huoza. Mche unaoshika ni ule ulioibwa. Basi mwenye bustani humpa mgeni kisogo, mgeni hung'oa haraka, anaficha ndani ya kanga, anaondoka bila kuaga. Hivyo ndivyo kila nyumba ya Mlimani ilivyopata miche yake.

— Si wangemwambia tu?

Wamwambieje? Ukimwambia mtu, "Nenda kaibe," huo si wizi tena, hapo umemtuma. Na mche wa kutumwa nao hunyauka. Upande wa pili, Bondeni alikotoka Siwema, watoto walifunzwa kwamba mkono wako ukigusa mmea wa mwenzio, mama yako ndiye anayeaibika. Mmeona mtihani huo?

Kesho yake Siwema akapanda. Mlima we, mlima...

— Inama kidogo!

Bi Chausiku akampa majani, kisha akageuka, akampa kisogo. Akatazama mawingu. Akayatazama sana. Siwema akangoja aagwe, akangoja, akasema moyoni, huyu hata kuniangalia hataki. Akashuka na majani yake tu.

Siku nyingine akapanda tena. Safari hii Bi Chausiku akaacha kijembe katikati ya kivumbasi, akasema kwa sauti kubwa, "Lo! Kuku wangu yule amekwenda wapi? Nitachelewa sana kumtafuta!" Akaenda nyuma ya nyumba. Kuku mwenyewe alikuwa amelala mlangoni. Siwema akakiokota kijembe, akakifuta udongo, akakiweka kivulini kisipate kutu. Akashuka.

Siku nyingine tena akapanda, na sasa hata wimbo aliuimba nusu. Bi Chausiku akajilaza kwenye mkeka, akafumba macho, akakoroma kama jiwe la kusagia. Pembeni ya njia alikuwa ameng'oa miche yote mitatu, na udongo wake, ameifunga ndani ya jani la mgomba, tena na kamba ya kubebea. Siwema akaiona. Akasikitika. "Masikini Bibi, uzee huu! Ameng'oa akasahau kupanda." Akapiga magoti, akachimba, akairudisha yote, akashuka mtoni, akateka maji, akapanda nayo mlima, akaimwagilia. Bi Chausiku alichungulia kwa jicho moja, na lile jicho likatoka chozi.

— Siwema huyu!

Muacheni. Mtu aliyechoka hufanya kile alichofunzwa utotoni, hana nguvu ya kufikiri kingine.

Nyumbani, Bi Mwanasha alimtazama mikono. "Umeleta nini leo, mwanangu?"

"Majani, mama."

"Majani tu?"

"Majani tu."

Bi Mwanasha akashusha pumzi, akageukia ukuta. Siwema akaumia. Alidhani anaambiwa hajaleta cha kutosha. Na kisimani wanawake walinong'ona, "Huyu wa Bondeni anaringa. Bi Chausiku anampa kisogo kila siku, yeye hagusi. Mimea yetu haimtoshi." Siwema alisikia neno "anaringa", akajua anasengenywa, hakujua kwa nini.

Asubuhi moja alipoinama kuwasha moto, hakuweza kuinuka. Alikaa pale chini, moshi unamwingia machoni. Akasema kwa sauti, "Nikiupanda mlima ule leo, sitashuka." Akatandika kanga moja, akaweka nguo zake, akafunga kifurushi. Anarudi kwao. Alimpenda Bi Mwanasha, na kumwacha kulimkata maini, lakini alikuwa amefika mwisho wake.

Bi Mwanasha akakiona kifurushi. Hakupiga kelele. Alisema, "Nenda, mwanangu. Sikulaumu. Umenisugua mgongo kuliko watoto niliowazaa. Nenda ukalale kwa mama yako."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitakohoa, basi. Nimezoea."

Siwema akainua kifurushi. Akakiweka chini. Akakiinua. Ndipo nje kukasikika ukelele.

"Mwizi! Mwizi jamani! Nimeibiwa!"

Bi Chausiku alikuwa anateremka mlima, bibi kizee yule, kanga imemvuka begani, fimbo juu. Nyuma yake kijiji kizima, wanawake wa kisimani mbele. "Nimeibiwa kivumbasi! Nimeibiwa mchaichai! Nimeibiwa tangawizi! Na mwizi ni huyu hapa, Siwema mke wa Mwinjuma!"

Siwema akaangusha kifurushi. "Mimi? Bibi, wallahi sijagusa! Niliipanda ile miche, niliimwagilia!"

"Ameiba! Fungueni njia nipekue!"

Akaingia uani. Akapekua kinu. Akapekua kuni. Akazunguka nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotoka na udongo haukauki, akafungua kanga, akainama huku amewapa watu kisogo. Watu wakasikia kijembe: chwi, chwi, chwi. Alipoinuka kanga yake ilikuwa imejaa udongo, na miguuni pake palikuwa na miche mitatu, imesimama wima.

"Tazameni! Miche yangu hii hapa! Nimeikuta kwake! Semeni, ameiba au hakuiba?"

"Ameiba!" wakaitikia wote.

"Semeni tena, mimea isikie!"

"Ameibaaa!"

Na wanawake wakapiga vigelegele. Siwema alikuwa ameketi chini, amejifunika uso, analia. Maisha yake yote hakuchukua hata sindano ya mtu, na leo anapigiwa vigelegele vya wizi. Alipofunua uso akamwona Bi Mwanasha kwenye kizingiti. Anacheka. Anacheka mpaka kikohozi kinampata, anakohoa na kucheka pamoja. Wanawake wa kisimani wakamkumbatia Siwema, mmoja mmoja. "Hongera, mwizi! Ulitutesa kwa kutungojesha."

Ndipo wakamweleza, kwa kuwa miche ilikwisha kuingia ardhini na hakuna neno tena la kuiharibu. Siwema alimgeukia Bi Chausiku.

"Siku zote zile, Bibi, kile kisogo?"

"Shingo yangu inauma mpaka leo," akasema Bi Chausiku. "Nimetazama mawingu mpaka nikajua kila moja linakwenda wapi. Wewe binti, adabu yako ingekuua wewe na kumuua mama mkwe wako. Kwetu mwizi hufundishwa hadharani. Haya, inuka nikufundishe."

Akainuka kwa kushikwa mikono.

Msidhani miche ilimpumzisha siku ile ile. Bustani ni kazi. Bi Chausiku alikuja kila asubuhi, safari hii yeye ndiye aliyeshuka na kupanda, na midomo yake haikunyamaza. "Kikate kivumbasi kichwa, usiache kichanue! Kikichanua, majani yanakuwa madogo machungu." Siwema akakata. "Mchaichai usiung'oe, kata juu ya shina. Ukijazana, ligawe shina, panda kando." Siwema akagawa. "Tangawizi haitaki jua kali. Iwekee kivuli, iwekee samadi, na usiifukue kila siku kuitazama kama mtoto mchanga wa jirani!" Siwema kweli alikuwa anaifukua.

Alikosea pia. Alichemsha majani sufuria wazi, Bi Chausiku akaja akanusa, akasema, "Dawa yote imekwenda paani. Funika!" Alitia majani ya kotimiri kwenye mchuzi mwanzo kabisa, yakaiva mpaka yakapotea. "Kotimiri mwisho, moto umezimwa. Nanaa usiipike, mwagia maji moto tu." Pole pole jiko la Siwema likaanza kunukia. Bi Mwanasha, aliyekuwa anakula matonge mawili tu, akaanza kukwangua sufuria.

Kikohozi hakikuisha. Siwezi kuwadanganya, uzee hauna jani lake. Lakini sasa kinywaji kilichumwa hatua chache kutoka mlangoni, kibichi, kikanywewa kikiwa na nguvu zake zote, na kikiisha kingine kilichemshwa. Kifua kikalegea. Koho, koho, koho ikawa koho, koho. Koho, koho ikawa koho moja ya kukumbushia.

Ikafika jioni moja, Bi Mwanasha akanywa, akalala. Siwema akakaa kitako kungoja. Alikuwa amezoea kungoja. Hakusikia kitu. Akaogopa, akaenda akaweka sikio puani kwa mkwewe.

"Ninapumua," akasema Bi Mwanasha bila kufumbua macho. "Nenda kalale, mwanangu. Nenda, nakuomba."

Siwema akaenda. Akalala na kanga yake ya jikoni, hata miguu hakunawa.

Asubuhi jua likatoka, Siwema amelala. Kuku wakadai chakula, Siwema amelala. Jua likafika juu ya paa, Siwema amelala. Majirani wakapita wakauona mlango umefungwa, na Bi Mwanasha ameketi kizingitini, amepakata fimbo. Siku zile za kikohozi alikuwa hawezi kuketi hivyo kwa muda.

Mara Bi Chausiku huyo anateremka, sauti imetangulia mbele. "Siwema! Siwema we! Umeshakata kivumbasi vichwa?"

Bi Mwanasha akainua fimbo. "Chausiku! Punguza domo lako."

"Kuna nini? Mgonjwa nani?"

"Hakuna mgonjwa. Mwizi wangu amelala."

Bi Chausiku akasimama. Akakitazama kijembe, akakiokota, akazunguka nyuma ya bafu kwa ncha za vidole kukata vile vichwa yeye mwenyewe.

Na hapo ngano yangu imetua mzigo. Iliyobaki mdomoni ikiwa tamu, imezeni; ikiwa chungu, ongezeni tangawizi. Mimi nimejiegemeza hapa ukutani, na asiniamshe mtu.

— Lala, mama, lala!