Dua Iliyosahauliwa Baytul Maqdis

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Iraki, zama za waliotutangulia, aliishi mfua shaba mcha Mungu, jina lake Zuhayri bin Wahbi, Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na sisi. Alipoazimia kwenda kuzuru Baytul Maqdis, msikiti mtukufu ulioko Yerusalemu, majirani walimjia kumuaga, kila mmoja na haja yake ya kuombewa, kama ilivyokuwa ada yao. Wa mwisho alikuwa Bi Rayhana, mjane aliyeishi kwa kusokota sufu.

"Mwanangu," alimwambia, "mimi na dada yangu Lubna hatusemezani, mwaka wa kumi na moja huu. Mama yetu alipofariki hakuja kumwosha, nami nimeshindwa kumsamehe. Ukifika mahali patukufu, niombee Mola anilainishe moyo. Nitaje kwa jina."

"Hiyo ni amana, mama," akajibu Zuhayri.

Akasafiri miezi miwili. Alipoingia pale waliposujudu manabii, macho yakamzidi moyo. Alihesabu nguzo, akapima kuta kwa shibiri, akajifunza jina la kila mlango, ili akirudi asimulie asikosee. Alisali, naam, lakini hata ndani ya sala macho yalikuwa darini. Haja za majirani hazikumjia hata moja.

Aliporudi, watu walijaa uani kwake, naye akawaeleza nguzo kwa nguzo. Bi Rayhana akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi, mwanangu, uliniombea?"

Watu wote wakamgeukia. Zuhayri akaona haya kusema la. "Nilikuombea, mama. Nilisimama penye nguzo ya tatu, nikakutaja kwa jina."

Bibi yule akalia kwa furaha. Asubuhi yake alioka mikate, akaenda mpaka mlangoni kwa Lubna, na wale ndugu wakakumbatiana mbele ya wapita njia. Mji mzima ukamsifu Zuhayri, wakasema dua yake hairudi.

Lakini nguo ya kuazima haisitiri. Kila walipomsifu alitaka kujificha, na kila alipoinua mikono baada ya sala, ulimi ulikuwa mzito kwa aibu. Shetani naye akamnong'oneza: "Nyamaza. Uongo wako umepatanisha ndugu. Ukisema kweli utawafarakanisha tena." Neno hilo lilimtia hofu, kwa kuwa huenda ndivyo ingekuwa. Ijumaa tatu zikapita. Ya nne alipotoka msikitini alishika njia ya kwa Bi Rayhana, akawakuta ndugu wale wakisokota sufu pamoja.

"Mama," akasema, kichwa ameinamisha, "sikukuombea. Nilikusahau. Nilikuwa nikihesabu nguzo. Kisha nikakudanganya mbele ya watu."

Mikono ya Lubna ikasimama. Bi Rayhana akaiweka chini sufu yake, na Zuhayri akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Basi aliyenilainisha moyo si wewe," akasema Bi Rayhana, "wala si nguzo ya tatu. Shukrani zangu zilipotea njia, sasa najua nizipeleke kwa nani." Akamshika dada yake mkono. Kisha akamtazama Zuhayri kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko tusi. "Na wewe, mwanangu, ulijiombea nini kule?"

Zuhayri akajibu: "Sijui, mama. Sikumbuki."

"Masikini! Kumbe aliyerudi bila dua ni wewe. Haya, inua mikono. Mola wa kule ndiye wa hapa."

Akaiinua, pale pale penye vumbi la sufu. Neno halikutoka, yalitoka machozi tu. Na wale ndugu wawili wakaitikia, "Amin."

Ndugu yangu, kuzuru mahali patukufu ni kheri, na aliyejaaliwa uwezo asiache. Ila kabla hujatusimulia nguzo, jiulize ulimwambia nini Mola wako ulipokuwa kule. Mwandishi wa maneno haya alijiuliza, akaona haya.