Mguu wa Kulia wa Wifi

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na jiwe.

Jiwe la nani?

La mlangoni kwa Mama Pimbi. Basi sogeeni, nisipaze sauti.

Hapo zamani za kale, Mama Pimbi alifiwa na mumewe. Mume alitoka kutafuta majani, hakurudi. Hata mwili wa kuosha haukupatikana. Yote ni ya Mungu. Mama Pimbi akakaa eda ndani ya pango na wanawe wawili, Somoe na Shali, na jiwe mlangoni.

Siku ya matanga, jamaa hawajafika, ikasikika hodi. Nyayo hazikusikika.

"Nani?"

"Chatu, jirani yako. Nimekuja kutoa pole."

Mama Pimbi akajibu kwa adabu kuwa yuko katika eda, na wanaume hukaa nje, jamvini.

Kisha hodi tena. Chatu akasema ameleta mchele wa matanga. Akaambiwa Mungu amlipe, auweke pale nje.

Hodi ya tatu ikaja kwa sauti nyembamba, ya kike.

"Wifi, ni mimi, dada wa marehemu. Nifungulie nimlilie kaka yangu."

Shali akanong'ona, mama amtukane aende zake. Somoe akalia: kama ni shangazi kweli tukamfukuza, nani atatulea?

Mama Pimbi hakutukana, wala hakufungua. Akasema taratibu:

"Karibu, wifi. Sema bismillahi, ukanyage kizingiti kwa mguu wa kulia, nisikie. Ndipo nisogeze jiwe."

Wakasikiliza. Hakuna mguu. Mwili mrefu ukajiburuta juu ya mwamba, ukalizunguka jiwe, ukalizunguka tena. Pumzi ikapenya kwenye ufa, na ndani ya pumzi ile mlikuwa na harufu ya mumewe.

Mama Pimbi akawaziba wanawe pua, wasiijue.

Wakakaa hivyo mpaka vilio vya jamaa vikasikika bondeni, na Chatu akateleza kwenda zake. Hodi ikabishwa. Mama Pimbi akasema yale yale.

"Bismillahi, wifi yangu."

Ti. Mguu ukakanyaga kizingiti. Jiwe likasogea.

Wanangu, hadhari ndiyo iliyoliweka jiwe mlangoni. Busara ndiyo iliyojua la kusema nyuma ya jiwe, na wakati wa kulisogeza. Mwenye hadhari tupu angemfungia mlango hata shangazi. Mwombeni Mungu awape zote mbili.

Hadithi nimeitua hapa kizingitini. Iliyo njema ingieni nayo. Iliyo mbaya iacheni nje, na Chatu.