Ngazi za Ukumbi wa Juu

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Sham palikuwa na msimamizi wa Baitul-mali, hazina ya umma, aitwaye Mudrik. Kuswali anaswali, kufunga anafunga, lakini kwa kujisifu, usiseme! Alipokabidhiwa chakula cha vipofu na viwete, akageuza utaratibu. Zamani unga ulipelekwa majumbani. Sasa kila mwenye ulemavu afike ukumbi wa juu, hata kwa kubebwa, aonekane kwa macho. Asiyefika, hana chake.

"Wadanganyifu wote nimewakomesha," akamtambia Wali, mtawala wa mji. "Ghala limejaa pomoni!"

Litaachaje kujaa, bwana wee, na walaji umewaacha chini?

Siku moja akapanda Umaima, mchamungu aliyepooza miguu, akaingia akijiburuta.

"Mama, nani kakubeba ngazini?" Mudrik akauliza.

Bawabu akamnong'oneza, "Sema umebebwa, mama. Ukisema umepanda mwenyewe, unga huupati."

"Nilishibishe tumbo kwa uongo?" Umaima akamgeukia Mudrik. "Sikubebwa, ya Sheikh. Nimepanda kwa viganja."

"Alhamdulillahi! Aliyezipanda ngazi zile ni mzima. Nenda kafanye kazi."

Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa, Umaima akaomba maji ya udhu. "Nimiminie, tafadhali. Viganja havishiki kata."

Mudrik, kwa kupenda kuonekana mnyenyekevu, akalichukua birika mwenyewe. Maji yakapita viganjani mwa yule mama, yakaanguka mekundu. Ngozi ilikuwa imebaki ngazini. Umaima akaendelea na udhu wake, midomo ikimtaja Mola.

Mudrik akaliweka birika chini. Ukumbi mzima ulimtazama, na bwana wa maneno mengi asijue uso auweke wapi.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini mimi nimeweza kupanda. Wasioweza, utawaomba wapi msamaha?"

Siku ile Mudrik hakuthubutu kuswalisha kama kawaida yake. Alijificha safu ya nyuma. Baada ya swala akajitwika unga begani, akabisha kwa Dhamra, kiwete asiyeonekana tangu utaratibu ugeuke. Mke wa Dhamra akafungua.

"Umechelewa, ya Sheikh. Mwenyewe tumemzika." Kisha akaupokea unga, akamwombea dua njema.

Wanasema angemtukana ingekuwa nafuu. Mudrik aliinamisha kichwa, akarudi ghalani kujitwika unga mwingine.

Ndugu yangu, aibu ni rehema ikikufika wakati bado ipo milango ya kubisha. Mola atuaibishe hapa hapa, kabla ya Siku isiyo na mlango.