Zawadi Aliyomnyima Mjukuu Wake

Kaeni, wapendwa. Wenye watoto wachanga msitoke nje leo hata wakilia. Waacheni walie. Maneno ya leo ni yao, kelele zao hazitanisumbua.

Nataka niwapeleke kwenye duka moja. Msiniulize ni mji gani, na kama yupo hapa mwenye jina kama la hawa nitakaowataja, asinune. Nimewatunga mwenyewe kwa ajili ya asubuhi hii. Mwenye duka ni mjane wa makamo, majirani wanamwita Mama Kapinga. Anauza vitu vya watoto: nguo za ubatizo, beseni za kuogeshea, midoli, magari ya plastiki. Ni Mkristo kweli kweli, si wa Pasaka na Noeli tu. Jumuiya hakosi. Kwaya anaimba. Akisikia umejifungua, sabuni ya kwanza ya mtoto inatoka kwake.

Mwaka huo aliletewa mzigo wa nyuki wa plastiki. Wana mistari ya njano na nyeusi. Ukimbonyeza mgongoni anavuma na macho yanawaka. Watoto waliwapenda mpaka wakawa wanaburutwa kutoka dukani wakilia. Mama Kapinga naye akampelekea mmoja mjukuu wake anayemlea, mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Wiki tatu kabla ya Noeli akapata ujumbe kwenye simu. Umetoka kwa mfanyabiashara wa jumla aliyemuuzia mzigo. Ulisema hivi: nyuki wale, wenye namba fulani chini ya tumbo, waondolewe dukani mara moja na warudishwe. Kifuniko cha betri hakina skrubu, kinafunguka. Ndani yake mna betri bapa ya duara, ndogo kama kifungo cha koti, na mtoto akiimeza ikakwama, inaanza kumuunguza koo kabla saa mbili hazijapita. Wapo watoto waliokwisha umia. Mwisho wa ujumbe palikuwa na picha. Nyuki yule yule.

Je, Mama Kapinga aliudharau ujumbe ule? Hakuudharau. Aliusoma mara mbili. Akawageuza wale nyuki, akaiona namba. Akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hajapata kulifanya hata siku ya soko, akaenda nyumbani nusu anatembea nusu anakimbia. Akamkuta mjukuu kakaa mkekani, nyuki mkononi, kifuniko kimeshalegea. Akamnyang'anya. Mtoto akalia, akagaragara. Bibi hakujali kilio. Akazunguka nyuma ya nyumba, akamtumbukiza nyuki kwenye shimo la choo.

Kwa hiyo aliamini. Nataka mlikumbuke hilo. Hakuna atakayeniambia kwamba hakuelewa.

Dukani yalibaki maboksi mawili. Kuyarudisha kulitaka kuyafunga upya, kuyapeleka stendi, kupanga foleni. Akayasukuma chini ya meza, akasema nitapata nafasi.

Siku chache baadaye akaingia Leokadia, mwenyekiti wa akina mama parokiani.

"Mama Kapinga, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, dada Leokadia."

"Nimekuja kuomba. Noeli hii tunawapa zawadi watoto wa kule machimboni, wa zile familia zinazoponda kokoto. Hawa hawajawahi kushika kitu cha dukani. Tunakutegemea wewe."

Mama Kapinga akatazama rafu zake. Palikuwa na mipira pale. Palikuwa na midoli ya kitambaa, mizuri, imeshonwa mpaka macho, haina cha kung'oka. Akaitazama. Kisha akainama, akayavuta yale maboksi mawili kutoka chini ya meza.

"Chukua haya."

Leokadia akafungua moja, akashika mdomo kwa furaha. "Yote? Mbona ni vipya kabisa? Havina kasoro?"

"Vimekaa tu. Wateja wamevichoka."

"Mungu akuzidishie, mama."

"Amina."

Alisema amina, wapendwa. Neno hilo hilo tunalolisema hapa.

Siku ya Noeli, baada ya komunyo, padri akasoma majina ya wafadhili. Lilipofika jina la Mama Kapinga makofi yalipigwa mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Vigelegele. Yeye akainamisha kichwa, na waliomwona wakasema: tazama, ni mnyenyekevu.

Nyuki mmoja akamwangukia Apolonia, mtoto wa miaka miwili. Mama yake ni Filotea, binti anayeponda kokoto tangu asubuhi mpaka jua linazama, mikono yake imekuwa kama mawe yenyewe. Apolonia alikula na yule nyuki, akalala naye, akaomba kipande cha kanga amfunge mgongoni. Filotea akacheka mpaka akatoa machozi, na ilikuwa siku nyingi hajacheka.

Siku ya pili nyuki akanyamaza. Filotea akamgeuza, akaona kifuniko kinaning'inia na tundu la betri li tupu. Akafikiri imedondoka uani. Akatafuta katikati ya kokoto, hakuiona. Jioni ile Apolonia akakataa uji. Kulipokucha udenda ulikuwa unamchuruzika, anakohoa, kila akimeza mate anakunja uso. Filotea akasema ni mafua. Ninyi mngesema nini? Nani alikuwa amemwambia lolote? Mtoto anamlilia nyuki wake, basi mama akambeba mgongoni, akaenda kutafuta betri.

Alikwenda wapi? Alikwenda kwa Mama Kapinga.

Dukani walikuwamo wateja wawili, wanachagua nguo za ubatizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Samahani mama, huyu nyuki tulipewa kanisani. Betri yake imepotea. Nimekuja kuuliza kama mnauza."

Mama Kapinga akampokea yule nyuki, akamgeuza, akaliona tundu. Akainua macho, akamtazama mtoto mgongoni. Udenda umelowesha kanga ya mama yake.

"Imepotelea wapi?"

"Hata sijui, mama. Labda uani."

"Mtoto anakula?"

"Tangu jana jioni hataki. Mafua tu."

Wapendwa, muuza midoli anauliza kama mtoto anakula? Kwa nini? Ninyi mnajua kwa nini. Neno moja lilitosha pale: kimbia. Hospitali ya wilaya ilikuwa robo saa kwa bodaboda. Lakini wale wateja wawili wameshaacha kuchagua nguo, wanasikiliza. Akisema kimbia, watauliza, umejuaje? Na jina lake limepigiwa makofi juzi tu.

"Ni mafua ya msimu," akasema Mama Kapinga. "Mpe maji ya uvuguvugu."

Akavuta droo, akatoa betri mpya, akaitia. Akarudishia kifuniko. Kisha akachukua selotepu, akaizungusha tumboni kwa yule nyuki mara tatu, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

"Nikupe ngapi, mama?"

"Nenda tu, mwanangu. Iwe sadaka."

Filotea akapiga goti, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake kunapambazuka, Apolonia akatapika damu. Filotea akakimbia naye hospitali, miguu mitupu. Daktari, kijana mpole, akaagiza eksirei. Picha ilipotoka, katikati ya kifua cha mtoto palikuwa na duara jeupe, limekamilika kama limechorwa.

"Mama, amemeza nini?"

Filotea akafungua mfuko, akamtoa nyuki. Daktari akamgeuza. Akaiona selotepu.

"Nani ameweka hii?"

"Mama wa dukani. Ni mtu mwema sana, hata betri alinipa bure."

Daktari akageuza shingo. Ukutani nyuma yake palikuwa na karatasi yenye picha ya nyuki, rangi zile zile. Filotea alisoma mpaka darasa la saba. Akasogea, akasoma. Akasoma namba, akailinganisha na ya nyuki aliye mkononi. Akasoma tarehe, wiki tatu kabla ya Noeli. Chini kabisa imeandikwa kwamba wauzaji wote wameshajulishwa kwa simu.

"Daktari," akasema, "kama ningemleta jana asubuhi?"

"Tungekuwa na la kufanya, mama."

Apolonia alifariki kabla ya adhuhuri.

Mama Kapinga alikuja msibani. Alileta unga na sukari. Alikaa mkekani na akina mama wengine, akalia, na sidhani kama alikuwa anaigiza. Filotea alimgeukia. Hakumtukana. Hakumshtaki kwa daktari wala kwa mwenyekiti wa mtaa. Majirani walikuwa wamemsimulia jinsi yule bibi alivyomnyang'anya mjukuu nyuki siku alipofunga duka mapema, basi alimuuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini, lakini mkeka mzima ulisikia:

"Mama, mjukuu wako naye bado anacheza na nyuki wake?"

Mama Kapinga akavuta kanga, akajifunika uso. Na wale akina mama waliokaa bega kwa bega naye wakaanza kusogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake kwenye kipande chake cha mkeka.

Naona nyuso zenu. Mmeshamhukumu. Hata mimi nilipokuwa nautunga mfano huu nilitamani niishie hapo, maana ni raha kumwacha mwingine peke yake mkekani.

Lakini kuna mtu nimempitisha haraka. Padri. Karatasi ile ya ukutani hospitalini ilipelekwa na parokiani pia. Afisa biashara aliileta mwenyewe, akaomba isomwe kwenye matangazo. Jumapili hiyo matangazo yalikuwa marefu: mchango wa paa, ratiba ya kwaya, ndoa tatu. Padri akatazama saa yake, akasema, "Mengine mtayasoma ubaoni." Karatasi ikabandikwa ubaoni. Watu wakapita mbele yake wiki nzima, baba na mama, wameshika watoto wao mikono. Hakuna aliyesimama. Jumapili iliyofuata Leokadia alitafuta nafasi ya tangazo lake la kukusanya zawadi, akalibandika juu ya karatasi ile.

Juu yake, wapendwa. Picha ya nyuki ikawa chini, ombi la zawadi likawa juu.

Sasa niambieni, nani alimuua Apolonia?

Sisi tunajua kupenda, ila tunapenda kwa mipaka ya ukuta wa nyumba zetu. Maziwa yakichacha tunasema, mpe yule wa kule, tumbo lake limezoea. Gari la plastiki likivunjika likabaki na ncha, tunasema, wapelekee wale yatima, watafurahi. Tumempokonya wetu, tukampa wa mwenzetu, halafu tukaita sadaka. Zamani walikuwepo watu waliompelekea Mungu kondoo kilema na kipofu, wanono wakabaki zizini. Mungu aliwakasirikia. Sisi tunadhani hasira ile iliishia kwao?

Na wewe unayesema, mimi sina duka, hayanihusu. Ulichomnunulia mwanao wiki iliyopita, ulikigeuza? Ulikivuta macho uone kama yanang'oka? Ulitazama kama kifuniko cha betri kina skrubu, au ulitazama rangi tu? Kimeandikwa ni cha umri gani? Likitoka tangazo kwamba kitu fulani kirudishwe, unasoma namba, au unasema hayo ni mambo ya watu wa mjini? Na siku ukikuta betri haipo na mtoto hataki kula, usiitafute uani. Kimbia hospitali, na hicho kitu ukichukue mkononi. Hayo Filotea hakuambiwa na mtu. Ninyi nimewaambia, kwa hiyo kuanzia leo hamna udhuru, na mimi sina.

Mlangoni tumeweka boksi la zawadi za watoto wa kambi ya wahamiaji. Limejaa, na mlipoingia nilisikia mkisifiana. Jana jioni nililifungua. Sitasema niliyoyaona. Nasema tu kwamba nilikaa chini, nikaona aibu kuliko siku yoyote tangu nipewe upadrisho. Na kimoja kati ya vile ni changu. Mwaka jana nilizawadiwa mdoli wenye taa, sikujua wa kumpa, wiki hii nikautumbukiza humo bila hata kuugeuza. Nimeugeuza jana. Kifuniko kilifunguka kwa kucha.

Huu hapa. Nimeutoa.

Sasa nitageukia ukuta, na watumikizi wa altare nao watageuka. Tutabaki hivyo kwa muda wa kusali Salamu Maria kumi. Aliyeweka humo kitu ambacho asingekitia mkononi mwa mtoto wake, ainuke akakitoe. Sitaki kujua ni nani. Aliye jirani yako naye afumbe macho, maana hata yeye huenda ana safari ya kwenda mlangoni.

Boksi likibaki na mpira mmoja, tutapeleka mpira mmoja. Likibaki tupu, nitalibeba mwenyewe mpaka kambini likiwa tupu, niwaambie wale wazazi kwa nini. Sala ya Nasadiki itasubiri mpaka mrudi mahali penu.

Ninageuka.