Samaki Waliokuwa Wakiamkia

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyechimba bwawa la samaki uani kwake, nyuma ya jiko, pale alipokuwa akipanda mchicha. Jina lake silitaji. Mkinibana sana nitasema ni shangazi yangu, nanyi mtasema ni wenu, na sote tutakuwa tumesema kweli.

Mama huyu alikuwa na binti mmoja tu, na binti alikuwa amechumbiwa. Siku ya kuleta posa, upande wa mume walikuja ndugu wengi wenye maneno mengi, na mmoja wao, bado anatafuna mchicha wa mama, akauliza kwa utani, "Na siku ya harusi, mama, tutakula majani haya haya?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka, maana angefanyaje, lakini neno lile lilimkwama kooni kama mwiba. Kesho yake akashika jembe. Akaapa kwamba siku ya harusi ya mwanawe wakwe watakula samaki mpaka waombe maji, na samaki wenyewe watatoka uani kwake.

Nani hapa amewahi kufuga samaki? Basi unajua raha yake. Mbuzi utamwona akinenepa, kuku utamwita aje. Samaki unamwamini tu. Unamwaga vifaranga, maji yanawafunika, na kuanzia hapo unaishi kwa imani. Mama alitia samadi, maji yakawa ya kijani. Akatupa pumba asubuhi na jioni. Miezi ikapita. Siku moja mkia mpana ukapiga maji, pwaa, akamwona perege jike aliyejaa kiganja na kuzidi, akaketi pale pale kwenye tope akashukuru.

Sasa, palikuwa na jirani mwenye bata. Na bata, mnawajua. Waliingia bwawani kila asubuhi kama wamealikwa, wakaoga, wakapiga mabawa, wakachafua kila kitu.

"Jirani," mama akasema, "bata wako wananivurugia maji."

"Bata hajui mpaka, jirani yangu. Mvumilie."

"Mimi nitamfundisha kuujua."

Akasuka wigo wa mianzi kuzunguka bwawa lote, mrefu kumpita kichwa. Wanawake wale wawili waliokuwa wakiazimana chumvi na moto, sasa wakawa wanasalimiana kwa kukohoa. Lakini bwawa likatulia. Hapakuwa na wa kulitikisa tena, na mama akaona amepata amani.

Wiki ya harusi ikafika, nyumba ikajaa mashangazi. Asubuhi moja mapema mama akaenda bwawani, akakuta samaki wote wamepanda juu, midomo wazi, wanachezesha vinywa kumwelekea yeye. Moyo ukamjaa. Akawaita wageni wake.

"Njooni muone. Wanangu wananiamkia."

Na akawaitikia, jamani: "Marahaba. Marahaba, wanangu." Akawaongezea pumba. Kesho yake wakaamkia tena, wengi zaidi, naye akaongeza pumba zaidi. Hapo ninawaomba msimcheke. Wewe ungefanya nini? Umefuga kitu kwa mapenzi, leo kinakuja kukusalimu, ungekifukuza?

Asubuhi ya siku moja kabla ya harusi, zile marahaba zilimfikia jirani upande wa pili. Akapindua kinu, akapanda juu yake, kichwa kikatokeza juu ya wigo.

"Jirani," akasema, "hao hawakuamkii. Hao wanakata roho."

"Umekuja kunitakia mabaya leo?"

"Maji yamelala mno, yameisha hewa. Pumba unazozidisha zinaoza huko chini. Wamepanda juu kutafuta pumzi. Yavuruge hayo maji, mama. Yavuruge sasa hivi."

Yavuruge. Neno lile lile walilogombania. Na kabla mama hajajibu, yule perege jike, yule wa mkia mpana, aligeuka taratibu, tumbo juu, akaelea.

Mama alisimama. Angeweza kusema, "Najua ninachofanya." Ni wangapi tumezikwa na maneno hayo? Angeweza kumwambia jirani ashuke kwenye kinu chake aende zake, na harusi ya mwanawe ikawa ya majani kama walivyomcheka. Badala yake akaushika wigo aliousuka mwenyewe, akauvuta, mianzi ikalia, akauangusha.

"Njoo," akasema. "Njoo na bata wako."

Bata hawakuambiwa mara mbili. Jirani akaingia nyuma yao. Mama akaingia na nguo zake. Mashangazi wakafunga khanga magotini, wakaingia na masufuria ya shughuli, wakawa wanachota maji na kuyarusha juu. Wengine wakafungulia maji ya mfereji. Bibi harusi akatoka ndani, nywele zimesukwa jana kwa kazi kubwa, akatazama mara moja, akaruka. Mmoja akaanzisha wimbo wa harusi, na bwawa zima likachezwa ngoma, tope mpaka masikioni, mama na jirani wameshikana mikono katikati.

Walikufa baadhi, sitawadanganya. Yule jike, mama alimlilia waziwazi. Lakini jua lilipopanda, kinywa kimoja kilifumba, kikazama. Kikafuata kingine. Mpaka juu ya maji wakabaki bata tu.

Asubuhi ya harusi mama akaenda bwawani peke yake. "Mmeamkaje?" akauliza. Hakuna aliyepanda. Hakuna hata mmoja aliyemwamkia. Akapiga vigelegele mpaka kijiji kikaamka, kikidhani bwana harusi ameshafika. Mchana wakwe walikula samaki, na yule mtani wa siku ya posa ndiye aliyeomba maji kwanza. Aliyempelekea maji ni jirani mwenye bata.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi tuna salamu nzuri kuliko watu wote. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Mtu amefiwa: "Nzuri." Mume amehama nyumba: "Nzuri tu." Mtoto amelazwa: "Nzuri, ila..." na ile "ila" hatuisubiri, tumeshapita. Tunaitikia marahaba, tunaongeza pumba, tunasema ibada ilikuwa tamu, watu walifungua vinywa. Ndugu yangu, yule wa benchi la nyuma Jumapili iliyopita, ulimwona kinywa kikienda. Ulimsikia sauti? Alikuwa anaimba, au anatafuta hewa?

Na yule uliyemzibia wigo kwa sababu anakuvurugia maji, una hakika si yeye aliyekuwa anakuletea pumzi?

Basi tukitoka hapa tutasalimiana kama kawaida. Ukijibiwa "nzuri", usiondoke. Simama hapo hapo mpaka "ila" itoke. Ikitoka, usianze kutafuta masufuria kwanza wala kuuliza ni zamu ya nani kusaidia. Ingia majini, na nywele zako zilizosukwa.