Printa ya Chumbani kwa Nyegere

Paukwa.

Pakawa.

Mtungi?

Wa asali.

Mlango?

Wa kugongwa.

Na mwenye mlango?

Atakoma.

Mmeitikia vizuri, ila wewe wa pembeni unatafuna. Meza kwanza. Ngano hii ina asali ndani yake, na mdomo uliojaa hausikii utamu wa mwingine.

Hapo kale, tena si kale sana maana umeme ulikuwepo, palikuwa na kampuni ya asali. Tumbili alisambaza, Kobe aliandika risiti, na Bi Karunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, alibandika lebo kwenye chupa. Meneja wao alikuwa Mzee Nyegere. Nyegere mnamjua: kifua kipana, makucha marefu, na tumbo lisilo na ukuta wa nyuma. Mshahara ulikuwa kikombe cha asali kila Ijumaa. Bi Karunguyeye alikuwa mjane, na wanawe walikingoja kikombe hicho wiki nzima.

Basi, printa ya ofisi ikafa. Ilianza kwa kutafuna karatasi, ikaja kumwaga wino, mwisho ikanyamaza. Akaitwa Kasuku, muuzaji wa mashine. Kasuku akauliza kama anayeijua kazi yake: "Mnachapa nini? Wachapaji ni nani? Mnachapa kwa mkupuo au moja moja?"

"Lebo na risiti," akajibu Bi Karunguyeye. "Wachapaji ni sisi sote. Tunachapa moja moja, kadiri wateja wanavyokuja."

"Basi chukueni hii ya kati, muiweke ukumbini, kila mtu aifikie. Ile kubwa ni ya wachapa vitabu."

Nyegere alikuwa ameshaikazia macho ile kubwa. Ilikuwa kama kabati la vyombo, ina taa za kijani na nyekundu. Roho yake ikaipenda papo hapo.

"Nataka hiyo," akasema. "Na itakaa chumbani mwangu. Kila atakayeingia kuchapa, kijiko kimoja cha asali yake kitahamia kwenye mtungi wangu. Ndiyo ada ya mlango."

Bi Karunguyeye akapiga hesabu moyoni. Mwenye lebo ni yeye, na wa kuingia mara nyingi kuliko wote ni yeye. Ijumaa angebeba kikombe kitupu, na wanawe wangelamba udongo wake. Roho ilimuuma, lakini hakubisha. Akamgeukia Kasuku.

"Na hii kubwa, kabla haijatoa karatasi moja, inakawia?"

"Inajipasha moto kwanza. Muda wa mtu kula na kunawa."

"Mzee amechagua vyema," akasema Bi Karunguyeye. "Kitu kikubwa hukaa kwa mkubwa."

Kobe akamnong'oneza, "Mwenzetu, umerogwa?"

"Wewe kesho usinywe chai kwako," akamjibu.

Sasa niwaambie jambo kuhusu Nyegere. Uchoyo alikuwa nao, tele. Ila jina la mchoyo hakulitaka. Bibi yake alimlea hivi: mtu akikukuta unakula, mkaribishe, na aliyekaribishwa aonje, asiitie nyumba aibu. Bi Karunguyeye alilijua hilo, kwani nani halijui?

Asubuhi Nyegere akafunga mlango, akafunua mtungi, akamega mkate. Chopwi.

Ngo ngo ngo.

"Hodi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Chapa uende."

Bi Karunguyeye akabonyeza. Vuuu, vuuu, vuuu, mashine inajipasha. Akautazama mtungi. Akautazama ukuta. Akautazama mtungi.

"Karibu," akasema Nyegere. Neno lilimtoka kama jino.

"Ahsante, Mzee. Riziki haikataliwi." Akanawa, akamega, chopwi. Akamega tena, chopwi. Krii, krii, chwaa! Ikatoka lebo moja. "Mungu akuzidishie," akasema, akaenda zake.

Mashine ikapoa. Ngo ngo ngo, Kobe huyo. Vuuu, vuuu, vuuu. Akautazama mtungi, akautazama ukuta, akautazama mtungi. "Karibu." Chopwi. Na Kobe kwa kutafuna taratibu hana mpinzani. Krii, krii, chwaa, risiti moja. Ngo ngo ngo, Tumbili. Huyo alichovya kwa mikono yote. Kisha ngo ngo ngo, Bi Karunguyeye tena, kuna mteja mwingine.

Kijiko kimoja kinaingia, mkate mzima unatoka umelowa. Nyegere akauficha mtungi chini ya meza. Bi Karunguyeye akamuuliza kwa heshima, "Mzee, unaumwa? Ndevu zako zinanata."

"Karibu," akasema Nyegere, akautoa.

Alhamisi mtungi ukalia kwaru, kwaru. Nyegere akachungulia ndani, akamwita Bi Karunguyeye.

"Mashine hii ina kelele. Ipelekwe ukumbini."

"Haiwezekani, Mzee. Watu watasema tumekuvunjia heshima."

"Ada nimeifuta."

"Na vijiko tulivyokwisha kukatwa?"

"Virudi."

"Kutoka mtungi upi, Mzee?"

Nyegere akautazama mtungi. Akautazama ukuta. "Kutoka kikombe changu," akasema. Kisha akaibeba mashine mgongoni, akaitua ukumbini, akarudi chumbani kushika kiuno.

Ijumaa vikombe vikajazwa pomoni. Wana wa Bi Karunguyeye walikuja kumpokea mama yao, wakakaa naye ukumbini, wakala hadi pua zikanata. Nyegere akatoka kuchapa barua ya likizo. Vuuu, vuuu, vuuu. Akakitazama kikombe. Akautazama ukuta. Akakitazama kikombe.

"Karibu, Mzee," akasema Bi Karunguyeye, akamnyooshea kijiko. Kimoja.

Nyegere akakipokea kwa mikono miwili. Angefanyaje, naye amelelewa?

Funzo ni hili: mkinunua printa, chagueni iliyo kubwa kuliko kazi yenu, na muiweke chumbani kwa bosi. Na mtu akikukuta unakula, mfungie mlango, ukarimu haufai kitu.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, lambeni wote. Ikiwa chungu, mpishi ni mimi. Haya, nendeni makwenu, nataka kula mkate wangu.

Mbona hamwendi? Mnautazama mkate, mnautazama ukuta.

Haya, karibuni.