Masufuria ya Mahlika na Zamu ya Maji

Sogeeni, mnisaidie kuamua jambo lililowashinda wenyewe.

Katika mji mmoja wa Uajemi, pembeni mwa jangwa, waliishi watu watatu. Mzee Behruzi alijua kuchonga chuma. Simba aliyemchonga ungedhani anapumua. Yadola alikuwa na mkono wa nyundo usiokosea. Na Mahlika, mjane, alikuwa na ulimi ulioaminiwa na majirani.

Zamani hizo kila mji ulifua sarafu zake za shaba, na shaba ya mji huu haikununua hata kitunguu mji wa pili. Liwali mmoja alikusanya sarafu zote kwa ahadi ya kutoa mpya, kisha akahama nazo. Matajiri walibaki na sarafu zao za fedha. Maskini walisimama mbele ya tanuri la mkate, wakarudi na watoto wenye njaa.

Liwali mpya akasema, "Atakayeurudishia mji sarafu, nitampa zamu ya maji ya mfereji, amwagilie shamba lake."

Behruzi akachonga muhuri wa kupigia sarafu chapa, macho yake yameshaingia ukungu. Alipoumaliza hakuona tena.

Shaba nayo haikuwapo. Mahlika akatoa sufuria lake la arusi, kisha akapita mlango kwa mlango kuomba ya wenzake.

"Nikikupa, nitapikia nini?" wakamuuliza.

"Kwani una cha kupika, mwenzangu?"

Wakampa. Akayabeba mgongoni mpaka miguu ikavimba.

Yadola akayafua kuwa sarafu. Bega lake la kulia likateguka, akamalizia kwa la kushoto, na la kulia halikupona.

Mkate ukauzwa tena kwa sarafu mpya. Watatu wakaenda kwa liwali.

"Gawa, bwana," Yadola akasema.

"Maji ni machache," liwali akajibu. "Nikiyagawa, ardhi itayanywa kabla hayajafika shambani."

"Bila muhuri wangu ni vipande vya shaba tu," Behruzi akasema.

"Na bila nyundo, muhuri ni chuma tu," akajibu Yadola.

Mahlika alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

"Nawe, mama?" liwali akamuuliza.

"Majirani wananidai masufuria, bwana. Nikipata maji nitalima vitunguu, niwalipe kidogo kidogo. Nisipopata, sijui nitapitaje mtaani kwetu."

Liwali akaingia ndani bila kuamua. Watatu wakabaki uani wakingoja.

Maji yatafunguliwa alfajiri. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mngeyaelekeza shamba la nani?